Nguzo Katikati ya Sebule: Kabla ya Kuipamba, Tazama Juu

Ghorofa nyingi zinazoota siku hizi Tabata, Kimara, Mbagala na kwingineko Dar es Salaam zina mpango mmoja: chini fremu za biashara, juu wapangaji. Nguzo husimamishwa kwa hesabu za chini, pale fremu moja inapopakana na nyingine. Mwenye duka la dawa na mwenye saluni wanapata kuta zilizonyooka. Wewe wa juu unafungua mlango wa sebule kubwa, iliyounganishwa na sehemu ya kulia chakula kama wengi tunavyopenda sasa, unakuta linguzo limesimama peke yake, si katikati, si pembeni.

Mimi ni mmoja wa hao wa juu. Sebule yangu ina urefu wa mita 7.5 na upana wa mita 4.8. Nguzo iko mita 3 kutoka ukuta wa mlango mkubwa na mita 1.7 kutoka ukuta wa madirisha, na kila upande wake, ukihesabu na plasta, ni sentimita 30. Nataja vipimo kwa sababu ushauri wa kupamba nyumba bila futikamba ni maneno tu.

Kila aliyeingia alikuwa na lake. Fundi rangi: "Dada, hii tuizungushie vioo pande zote nne, inapotea kabisa." Haipotei. Sebule inageuka saluni, na anayekula wali anajiona mdomo kila akinyanyua kijiko. Shangazi yangu alishauri niisukumie kabati la vyombo, "ijifiche, mwanangu." Kabati lenye upana wa zaidi ya mita moja kuificha nguzo ya sentimita 30? Hapo umeongeza ukuta. Jirani yangu ametundika TV kwenye nguzo ya kwake. TV ya inchi 43 ina upana unaokaribia mita moja, kwa hiyo inatokeza zaidi ya futi moja kila upande, nyaya zinaning'inia, na kila anayekwenda jikoni anapita akiinamisha bega. Nimekaa pale kuangalia mpira. Nusu ya mchezo nilikuwa naangalia ule waya.

Wote hao walikuwa wanaitazama nguzo. Mimi nasema tazama juu.

Nguzo haisimami bure. Juu yake kuna bimu, lile boriti la zege linalolala juu ya nguzo, na bimu ina mwelekeo. Kwangu inatokeza chini ya slabu, yaani bamba la zege la juu, na kuikata sebule kwa upana, kutoka ukuta wa madirisha hadi ukuta wa upande wa pili. Kama umewekewa dari la jipsamu huenda imefichwa. Basi shuka kwenye fremu, omba ruhusa, uangalie kuta na mabimu yao yanakwenda wapi. Ukishaujua mstari huo, umejua sebule yako inagawanyika wapi, kwa kuwa iligawanywa tangu siku zege lilipomwagwa. Tunahangaika kwa sababu tunaipanga kama chumba kimoja chenye kizuizi. Ni vyumba viwili ambavyo havikujengewa ukuta kati yake, na nguzo ni kona yao.

Wazee wa Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar hawakusumbuka sana na jambo hili majumbani. Vyumba vyao vilikuwa virefu na vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu, maana boriti la mkoko haliwezi kubeba dari la mawe na chokaa kwa umbali zaidi ya hapo. Walipotaka ukumbi mpana, kama ule wa Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, nao walilazimika kusimamisha nguzo ndani kwa safu. Zege na nondo vimetuongezea umbali. Uzito bado lazima ushuke mahali.

Kwa hiyo samani zifuate bimu. Kwangu imekuwa hivi. Upande wa mlangoni, ule wa mita 3, ni wa kulia chakula, kwa sababu mlango wa jiko unafungukia huko. Meza yenye upana wa sentimita 90 inahitaji kama sentimita 75 kila upande ili mtu avute kiti na kuinuka bila kumwambia mwenzake asogee. Jumla mita 2.4, inabaki nafasi ya mtu kupita na sinia. Upande wa pili, wenye zaidi ya mita 4, ni wa kukaa. Sofa ya watu watatu nimeiweka chini ya bimu, mgongo ukielekea meza ya chakula, mkono wake mmoja ukigusana na nguzo. Ubao wa TV uko ukuta wa mwisho. Ile nafasi ya mita 1.7 kati ya nguzo na madirisha nimeiacha wazi kabisa, ndiyo njia ya kutoka mlangoni hadi kwenye viti na varanda.

Hiyo njia naisisitiza kuliko mapambo yote. Nguzo inakera pale tu inaposimama kwenye mapito ya watu. Kabla hujasogeza chochote, kaa siku chache uangalie familia inapita wapi: watoto wakitoka shule, mtu akibeba ndoo, mgeni akivua viatu. Kisha chora samani sakafuni kwa chaki, au tandaza magazeti yenye ukubwa wa sofa na meza, mpite katikati yake. Njia kuu ipate sentimita 90. Ya pembeni inaweza kubanwa hadi 60. Kati ya sofa na meza ya kahawa acha 40 au 45, vinginevyo kila anayepita atakuonesha alama ya goti lake. Na njia ikipita ubavuni mwa nguzo, nyooka nayo hadi mwisho. Ukiweka stuli au chungu cha maua upande wa pili, umetengeneza mlango mwembamba usio na sababu.

Sasa sofa. Kama unaagiza kwa mafundi wa Keko, na wengi wetu ndiko tunakokwenda, jua kwamba sofa nyingi hutengenezwa kwa imani kwamba zitaegemezwa ukutani. Mbele kitambaa kizuri, nyuma kitambaa hafifu kimepigwa pini, ukikivuta unaona mbao. Sofa inayosimama chini ya bimu inaonekana nyuma kuliko mbele, maana anayeingia ndipo anapoanzia kuona. Mwambie fundi mapema mgongo uvishwe kitambaa kilekile, na kimo chake kisizidi sentimita 80. Atakuongezea bei. Lipa. Kuhusu sofa za herufi L, najua zinapendwa, lakini kwenye sebule yenye nguzo ule mkono mrefu karibu kila mara unaangukia kwenye njia. Ukiwa nayo tayari, iweke kona ya mbali na nguzo uache sofa fupi au viti viwili vishike mstari wa bimu.

Kimo cha mgongo nilichokitaja kina sababu ya pili: upepo. Pwani yetu hewa ndiyo mali. Kaskazi ikivuma kuanzia Desemba, kusi ikishika katikati ya mwaka, nyumba yenye madirisha pande mbili inapitisha hewa hata umeme ukikatika na pangaboi likasimama. Kuna watu wanaoitumia nguzo kama kisingizio cha kujenga ukuta wa jipsamu hadi juu, au kushusha pazia zito, ili "waitenganishe" sebule. Wanamaliza Januari wakilala mlangoni. Ukitaka kizuizi, tumia shelfu la wazi lisilo na mgongo, linaloanzia kwenye nguzo na kufuata bimu, kimo chake kama cha kifua. Vitabu vichache, redio, picha ya harusi. Ukilijaza hadi pomoni ni ukuta tena.

Nguzo yenyewe uivalishe nini? Kwanza amua kama unataka ionekane. Ukitaka inyamaze, ipake rangi ileile ya kuta, na bimu iwe na rangi ya dari. Usiipake nyeusi ukiwa na nguzo moja tu. Nyeusi inapendeza kwenye kumbi zenye safu ya nguzo, ikiwa moja inakuwa kama mtu asiyemjua yeyote shughulini. Sehemu ya chini, hadi mita 1.2, tumia rangi ya mafuta inayofutika kwa kitambaa, maana kona za nguzo hushikwa na kila mkono unaopita na kugongwa na kila kiti. Kama una mtoto anayejifunza kutembea, mwombe fundi azisawazishe kona ziwe za mviringo kidogo kabla ya rangi. Hiyo ni kazi ya plasta tu, haigusi zege.

Mimi nilitaka ionekane, nikaivalisha mkeka. Wengi hupendekeza kamba ya mkonge, na kweli inapendeza, ila piga hesabu kwanza: mzunguko wa nguzo ya sentimita 30 ni mita 1.2, na kamba yenye unene wa sentimita 1 inahitaji mizunguko 120 kufika kimo cha mita 1.2. Hizo ni mita 144 za kamba, na vumbi la kila mzunguko ni lako. Mkeka wa milala unafungwa mara moja. Na kwa kuwa mkeka ni ukili ulioshonwa pamoja, msusi anaweza kukuongezea au kukupunguzia ukili mmoja hadi upate kipimo cha nguzo yako. Kingo mbili zishonwe kwa uzi mnene upande usioonekana kutoka mlangoni. Uache juu kidogo ya sakafu, kama upana wa viganja viwili, kwa ajili ya maji ya deki. Mkeka unaolowana kila asubuhi huota koga na kunuka. Ukihama unaufungua unaondoka nao, na mwenye nyumba hana la kukudai.

Mani planti kwenye nguzo inapendeza pia, lakini mizizi yake inang'ang'ania rangi, ukiibandua inatoka na vipande. Ipandishie kwenye wavu au kijiti kilichosimama ndani ya chungu.

Kuna mambo ambayo hayana mjadala. Usikubali fundi yeyote atindue nguzo: si kuipunguza iwe nyembamba, si kuchimba mfereji wa waya wa soketi, si kutoboa shimo la bomba. Nondo zimefunikwa na zege la sentimita chache tu. Ukilichimba umefungulia hewa yenye chumvi ya bahari njia ya kufikia chuma, na chuma kikishika kutu huvimba na kupasua zege kutoka ndani. Machi 29, 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36, na Novemba 16, 2024 tukashuhudia tena Kariakoo. Sisemi sababu ilikuwa mapambo. Nasema mpangaji hana ujuzi wa kukisia nguzo inabeba nini, na fundi anayekuambia "hii haina kazi" mwombe akuandikie na kutia saini, uone kama atabaki. Wakati mwingine kweli si nguzo bali boksi lililofunika bomba la maji taka. Ukigonga linalia kama kitu kitupu ndani. Hata hilo usilivunje bila mwenye nyumba.

Umeme wa kwenye nguzo upitishe kwenye mfereji wa plastiki wa juujuu, ubandikwe kwenye kona inayotazama nyuma ya sofa, upakwe rangi ya nguzo. Picha ndogo zibandike kwa gundi badala ya misumari. Na taa moja ya katikati ya dari haitatosha: nguzo itatupa kivuli, na kwa kawaida kivuli hicho kinaangukia juu ya meza ya chakula. Shusha taa moja juu ya meza, weka nyingine ya kusimama kwenye kona ya sofa iliyo mbali na nguzo. Zulia nalo lisivuke bimu. Liishie chini ya miguu ya mbele ya sofa, nawe hutalazimika kulikata ili lizunguke nguzo.

Wageni wakiwa wengi, siku ya Idi au arobaini, meza inasogezwa ukutani, busati linatandikwa, na nafasi za kwanza kujaa ni zile nne za kuegemea nguzo.

Kwa wale ambao bado mnajenga: chukua ramani, chora juu yake sofa, meza na vitanda kwa vipimo vyake halisi, halafu mpelekee mhandisi, si fundi, umuulize kila nguzo iliyoangukia katikati ya chumba. Mara nyingi anaweza kuisogeza kwenye mstari wa ukuta, au kuibadilisha umbo iwe bapa, nyembamba upande mmoja na ndefu upande mwingine, ikamezwa na tofali za inchi 6 isionekane sana. Kwenye karatasi ni kazi ya mchana mmoja. Muulize kabla nondo za msingi hazijafungwa.