Jentamisini ya ampuli haiingii ndani ya sima

Wadogo zetu wa bloku (chumba cha upasuaji), tunawapenda, lakini ule mlio wa ampuli, vichupa vya kioo vya dawa ya sindano, zikivunjwa juu ya bakuli la sima, ile saruji ya mifupa, umetuchosha. Kila kundi jipya la wastajieri (madaktari walio mazoezini) hapa Goma linatuletea muziki huo huo. Basi tuseme tena jinsi ya kutengeneza shanga za sima na antibiotiki, zinazowekwa ndani ya mfupa wenye usaha.

1. Safisheni kwanza. Shanga hazifufui mfupa mfu. Kwangueni mpaka mfupa utoe vitone vya damu, na chukueni vipande vitano vya ndani vya kupeleka maabara, kila kimoja na chombo chake, kabla antibiotiki haijagusa kidonda. Pamba mnayochovya kwenye tundu la usaha mara nyingi inawaonyesha bakteria wakazi wa ngozi tu.

2. Ampuli. Hapa sisi tuliowatangulia hatuna haki ya kuwacheka, maana kosa hili ni urithi wetu. Jentamisini, antibiotiki ya sindano, ya 80 mg inapatikana kila farmasi, kuanzia Birere mpaka Himbi, na bei yake haimtishi mtu. Tukaona tumepata njia ya mkato. Lakini pigeni hesabu ambayo hatukuipiga: pakiti moja ya sima ni 40 g za unga na kama 20 ml za monomeri, kile kimiminika kinachougandisha. Mkitaka 2.4 g za jentamisini, mnavunja ampuli 30. Kila moja ina 2 ml, kwa hiyo mmemwaga 60 ml za maji, mara tatu ya monomeri yenyewe. Maji na monomeri havipatani. Sima inakuwa na mashimo, inamong'onyoka kama bugali uliokosa moto, shanga zinateleza kwenye waya, na sehemu kubwa ya dawa inabaki kwenye yale maji yaliyokataa kuchanganyika. Tuliyamwaga kwenye sinki. Kisha tukaandika kwenye ripoti, kwa mwandiko mzuri kabisa: jentamisini 2.4 g. Usaha uliporudi tulilaumu bakteria sugu, tukabadilisha dawa za mshipa, tukalaumu chakula, tukamlaumu hata mgonjwa kwamba hakutulia kitandani. Hakuna aliyelishuku sinki. Na pakiti ile familia ilikuwa imeuza mbuzi ili kuinunua.

Kwa hiyo ni unga mkavu tu. Vankomisini, antibiotiki ya unga ya chupa, msiitie maji, iende vile ilivyo: 2 hadi 4 g kwa pakiti ya 40 g. Mkipata sima ambayo kiwandani ilishatiwa jentamisini, afadhali zaidi, kwa sababu vankomisini peke yake haiwagusi bakteria wa kundi la Gram hasi, na majeraha ya risasi yanawaleta wengi. Jumla ikikaribia 8 g, sima inakataa kufinyangwa. Rifampisini msiitie humo, inazuia sima kukauka. Seftriaksoni nayo, ingawa iko tele kabatini, haidumu vizuri kwenye joto. Na kipimo hiki kikubwa ni cha shanga na vizibo vya muda (madonge ya sima ya kujaza pengo la mfupa). Sima ya kushikilia kiungo bandia haivumilii wingi huo, inapoteza nguvu.

3. Kukoroga. Unga wa sima na monomeri kwanza, mpaka uji upatikane, ndipo antibiotiki iingie. Korogeni kwa mkono, bila mashine ya kufyonza hewa: hapa vitundu vya hewa ni rafiki, dawa inapitia humo. Asubuhi za baridi sima inachelewa, msiikimbilie. Ikiacha kushika glavu, finyangeni shanga za milimita 6 hadi 8 juu ya waya uliosokotwa mara mbili, kama rozari. Waya mmoja laini hauzishiki. Kuna mwenzetu anayependa kutengeneza mayai; donge kubwa lina uso mdogo, na dawa iliyo katikati yake inabaki humo humo. Ziache zipoe mezani.

4. Dreni ya kufyonza (mpira wa kutoa majimaji ya kidonda) inawaibia dawa ileile mliyoiweka. Kama ni lazima, isifyonze. Pimeni kreatinini, kipimo cha figo, kabla na baada, hasa kwa wazee.

5. Muda. Dawa nyingi hutoka siku mbili tatu za mwanzo, kisha inapungua. Baada ya wiki 4 hadi 6 shanga ni kitu kigeni tu, na bakteria wanajenga utando wao juu yake; zitoeni. Msichanganye hili na mbinu ya Masquelet, ile ya kujaza pengo la mfupa kwa hatua mbili: pale kizibo cha sima kinakaa wiki 6 hadi 8 ili mwili ukifunike kwa utando, na siku ya kupandikiza mfupa utando huo unafunguliwa kwa adabu, haukwanguliwi. Tumeona ukikwanguliwa. Tuliyemkaripia alitujibu kwamba alidhani ni uchafu.

Idadi ya shanga iandikwe kwenye ripoti na kwenye dosie ya mgonjwa. Zikiingia 24 zikatoka 23, msifunge kidonda: pigeni eksirei hapo hapo, sima ina bariamu au zirkonia ndani yake, itaonekana.