Salio la keki lilipwe kabla oveni haijawashwa

SWALI: Naoka keki za harusi na za kwanjula (sherehe ya kutambulishana kwa familia kabla ya harusi) hapa Arua, Uganda. Utaratibu wangu ni nusu wakati wa kuagiza, nusu siku ya kupeleka. Mwezi uliopita nilipeleka keki ya ghorofa tano ya shilingi 1,800,000. Nilipofika ukumbini, mweka hazina wa kamati akaniambia ahadi bado hazijakusanywa, nisubiri Jumatatu. Mpaka leo ile 900,000 sijaiona. Je, nipandishe arbuni ifike asilimia 70, au wateja watanikimbia?

JIBU: Dada yangu, ukipandisha arbuni na salio ukaliacha lilipwe ukumbini, safari ijayo utadhulumiwa 540,000 badala ya 900,000. Kosa halipo kwenye asilimia, lipo kwenye siku ya kulipa. Waokaji wengi wanaoniandikia hubishana juu ya nusu, theluthi na robo tatu, na karibu wote bado wanaamini salio ni pesa ya kupokelea mlangoni mkono mmoja ukiwa umeshika keki.

Fikiria pale ukumbini una nguvu gani. Ghorofa tano zimeshapangwa, maua ya sukari yamechomekwa, wageni wameketi, mshereheshaji anawaita maharusi. Utaibeba urudi nayo? Na ukirudi nayo, umuuzie nani? Gari lisipolipiwa hurudi yadi likapata mnunuzi mwingine. Keki yenye majina ya watu wawili na tarehe ya leo haina mnunuzi wa pili. Tangu unga umeingia kwenye bakuli, mali hiyo ina thamani kwa mteja mmoja tu, kwa hiyo huyo mteja awe amemaliza kulipa kabla ya hapo.

Harusi zetu Uganda huendeshwa kwa mikutano ya michango. Watu huandika ahadi, nyingi huja wiki ya mwisho na nyingine haziji kabisa. Mweka hazina akiwa na pesa pungufu huanza na wale wanaoweza kugoma: mwenye ukumbi, mwenye mahema, mpishi. Mwokaji aliyekubali kusubiri amejiweka mwenyewe mwisho wa foleni. Jumapili kamati imevunjika, na kila unayempigia anakutuma kwa mwingine. Kwa hiyo makubaliano usiandikiane na "kamati ya harusi". Andikiana na mtu mmoja mwenye jina na namba ya kitambulisho, bwana harusi, bibi harusi au mzazi, ambaye deni ni lake hata ahadi zisipotimia.

Sasa utaratibu. Arbuni ilingane na vitu viwili: gharama utakazoingia mapema na Jumamosi unayowafungia wengine. Keki ya matunda inataka matunda yalowekwe kwenye brandi wiki kadhaa kabla, na maua ya sukari huanza kufinyangwa mapema yapate kukauka. Arbuni yake lazima iwe kubwa kuliko ya sponji ya vanila inayookwa Alhamisi. Asilimia itoke kwenye daftari lako, usiiazime kwa jirani. Salio liingie siku 14 kabla ya sherehe, na tarehe yenyewe uiandike siku ya kwanza kabisa. Lisipoingia, hununui mayai. Keki ndogo ya siku ya kuzaliwa ilipwe yote wakati wa kuagiza. Amana ya stendi ya kupangia keki unayomwazima mteja iwe mstari wake peke yake, kwa kuwa hiyo hurudi stendi ikirudi nzima, na ukiichanganya na arbuni mtagombana bure.

Wateja hawatakimbia. Mwenye ukumbi anawadai mapema na wanamlipa.

Kinachonikera zaidi ni hawa wanaouza "masharti tayari" kwenye makundi ya WhatsApp. Nimeyasoma. Yamenakiliwa kutoka Marekani, yamejaa hundi na kadi za benki, halafu neno moja juu ya pesa ya simu hakuna. Wanakwambia andika ARBUNI HAIRUDISHWI kwa herufi kubwa, basi umelindwa. Si kweli. Ukiugua wewe ukashindwa kuoka, pesa ile ni ya mteja hata ungeandika kwa wino wa dhahabu. Sharti la maana linasema akighairi miezi miwili kabla unabaki na kiasi gani, wiki moja kabla kiasi gani, na wewe ukishindwa unarudisha nini.

Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na ujumbe wa simu huhesabika maandishi maadamu unaweza kusomwa tena baadaye. Keki zako za harusi zinapita kiwango hicho, kwa hiyo mapatano ya mdomo hayakutoshi. Na meseji ya "umepokea pesa" usiiamini peke yake, kwa maana matapeli huziandika wenyewe. Piga *165# ukiwa MTN au *185# ukiwa Airtel, utazame salio lako mwenyewe.

Kuhusu ile 900,000: kusanya meseji zote, mwandikie aliyekuagiza barua ya madai ukimpa siku 14. Asipolipa, nenda mahakamani utumie utaratibu wa madai madogo, unaopokea madai yasiyozidi shilingi milioni 10 na hauhitaji wakili.

Kuna jambo hukuliuliza, nami nalikuta kwa waokaji wengi: arbuni ya harusi ya Desemba ndiyo inayonunua siagi ya Jumamosi hii. Deni la mteja mmoja asiyelipa hufichwa na arbuni ya mteja mpya, huyo naye akisubiri zamu yake, mpaka wiki moja maagizo yapungue na mwokaji mwaminifu aitwe mwizi. Arbuni si mapato mpaka keki imeliwa. Iweke kwenye laini ya simu ambayo hulipii kodi wala karo, na itoke kwa risiti ya vifaa vya keki ileile iliyolipiwa.