Deki ya kwenye Kosta: sauti ipo, picha hakuna

Pole kaka, kama deki ya Kosta yako ya Mbeya–Iringa inatoa sauti kwenye spika ila tv ni bluu tupu basi usikimbilie kununua nyingine, sauti ikija ujue umeme upo na sidii inasomwa, shida iko kwenye njia ya picha tu.

Kwanza shika rimoti ya tv, bonyeza SOURCE uweke AV (njia inayopokea picha kutoka kwenye deki). Bado? Angalia nyuma ya deki, waya wa njano, ndio wa picha, ukae kwenye tundu la njano, maana pembeni kuna la kijani, bluu na nyekundu jingine ambalo sio la sauti kabisa, hapo mafundi wengi wanachanganya.

Sasa hii ndo naipenda zaidi: chomoa waya mweupe wa sauti uuchomeke kwenye matundu ya njano pande zote mbili, nyaya hizi hazina tofauti kubwa, picha ikija ujue wa njano umekatikia ndani, na kwa mtikisiko wa gari hilo ni jambo la kawaida sana. Badilisha waya tu.

Picha ikija nyeusi na nyeupe, ingia setapu ya deki kwenye mfumo wa rangi wa tv, jaribu PAL badala ya NTSC. Na tafadhali, kama gari ni volti 24 deki ya volti 12 usiiunge moja kwa moja, itaungua.