Ramani ya Malaria Isiyopotosha

Umepewa takwimu za malaria za mwaka mzima kutoka MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya Tanzania, mkoa kwa mkoa, na unatakiwa kuchora ramani. Rangi ziache kwanza, tafuta idadi ya watu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 Dar es Salaam na 1,152,958 Katavi. Tuseme kila mkoa umeandikisha wagonjwa 10,000. Ramani ya idadi tupu itaipaka yote miwili rangi moja, ilhali ukigawa kwa idadi ya watu na kuzidisha mara 1,000 unapata 1.9 Dar es Salaam na 8.7 Katavi. Kwa mwaka usio wa sensa, tumia makadirio ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu ya mwaka huohuo.

Kinachopotosha zaidi ni kisanduku kitupu kwenye jedwali. Zahanati ambayo haijaleta ripoti ya mwezi si zahanati isiyo na wagonjwa, lakini ukijumlisha tu, pengo hilo linahesabika kama sifuri. Matokeo yake wilaya yenye ripoti chache ndiyo inayoonekana kuwa na nafuu kuliko zote, na vyandarua vinapelekwa kwingine. Hili linaumiza watu kweli. Kwa hiyo, kabla ya kuchora, gawa ripoti zilizofika kwa zilizotarajiwa, uzidishe mara 100. Wilaya iliyo chini ya asilimia 80 sisi huichorea mistari ya mshazari juu ya rangi yake; isiyo na ripoti kabisa huwa ya kijivu, na ufunguo wa ramani useme hivyo waziwazi.

Uliza pia "mgonjwa" hapo ni nani. Vipimo vya haraka vikiisha kituoni, waliothibitishwa hupungua hata kama homa ziko palepale. Weka kando ya ramani chati ya idadi ya waliopimwa.

Ukishuka hadi ngazi ya kata, ficha idadi iliyo chini ya 5 ili wagonjwa wasitambulike, na kwa takwimu za VVU usilegeze kabisa. Ukificha kata moja tu, mtu atachukua jumla ya wilaya, atoe kata nyingine, aipate. Ficha na ya pili.

Rangi iwe moja, kutoka hafifu hadi iliyokolea, kwa madaraja matano. Mipaka ya madaraja isibadilike mwaka hadi mwaka: programu ya kompyuta ikiachiwa ijipangie, mkoa ambao wagonjwa wamepungua kwa nusu unaweza kubaki na rangi ileile. Chapisha kwanza nakala ya nyeusi na nyeupe; madaraja mawili yakifanana, rekebisha kabla ya kuisambaza.