Msumeno unaokata kombo

Kaka, msumeno wa mnyororo ukivuta upande mmoja na kutoa unga badala ya vipande vya mbao, usilaumu injini. Meno yamekuwa butu, tena upande mmoja zaidi. Na hiyo minazi unayoangusha huko Likoni ndiyo inayoyala makali. Nje gogo lake ni gumu mno kuliko ndani. Zima injini, vaa glavu, chukua tupa ya mviringo inayolingana na meno. Sukuma kwenda mbele tu, usirudishe ikikwaruza, misukumo idadi ile ile kila jino, kushoto na kulia. Oili ya mnyororo ijaze kila ukijaza petroli. Gogo likishalala, ncha ya msumeno isiguse chini: mchanga wetu huu humaliza makali papo hapo.