Habu, Koni na Gololi: Kwa Vijana Wanaoanza Ufundi wa Baiskeli Malindi

Mteja wa kwanza utakayempokea asubuhi huenda akakuambia, "Fundi, gurudumu lanilia," kisha akakuachia baiskeli na kwenda zake sokoni. Mara nyingi kinacholia ni habu, yaani kitovu cha gurudumu kinachozunguka juu ya ekseli, kile chuma cha katikati. Baiskeli zetu hapa hubeba maji, madafu, makaa na mikate, na zile zinazotoka kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hufika zikiwa zimeliwa na chumvi hadi ndani ya vikombe vya habu, mahali pa kukaa gololi, zile tufe ndogo za chuma. Upepo wa kusi huleta unyevu wa bahari, na kaskazi huleta mchanga mwembamba. Grisi ikishakwisha, vitu hivyo viwili husaga chuma kwa chuma. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi, na nawaandikia ninyi mnaoanza ili muyajue mapema mambo ambayo mimi niliyajua baada ya kuharibu mali za watu.

Kabla ya kufungua, tandika kitambaa cheupe chini ya gurudumu. Laza gurudumu upande wa friwili, ile gia ya mnyororo ya gurudumu la nyuma, ukiwa chini, shika ncha ya chini ya ekseli kwa kidole, halafu fungua nati ya kufungia na koni, kile chuma cha mviringo kinachobana gololi ndani ya kikombe, upande wa kushoto. Ukiliinua gurudumu bila kushika ekseli, gololi za upande wa pili zitamwagika zote kabla hujajua zilikuwa ngapi, na hesabu hiyo utaihitaji. Koni ya upande wa friwili iache mahali pake juu ya ekseli isipokuwa imeharibika, kwa sababu ndiyo inayoshika nafasi ya gurudumu katikati ya fremu. Spana ya koni ni ile nyembamba; mwenye kutumia spana nene pamoja na plaisi hukwangua kingo za koni, na fundi atakayekuja baada yake hatapata pa kushika.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kisha kausha kabisa, maana mafuta ya taa yakibaki ndani huyeyusha grisi mpya. Sasa ndipo penye kazi ya macho. Ipangushe koni, igeuze polepole kwenye jua, na utazame mstari ambao gololi zimepita. Mstari mwembamba unaong'aa sawasawa ni dalili ya uzima. Ukiona vishimo, hata kimoja kidogo mfano wa tundu la sindano, koni hiyo imekwisha. Macho yakishindwa, pitisha ncha ya kalamu ya wino juu ya mstari huo, na pale penye shimo mkono utahisi inakwama. Wapo wanaosugua koni kwa msasa mpaka ing'ae na kuirudisha. Siwafuati, kwa kuwa ugumu wa koni umo katika ngozi yake ya juu, na ngozi ikishaondoka chuma laini cha ndani huchimbika upesi. Vikombe navyo vikaguliwe vivyo hivyo. Koni hubadilishwa kwa bei ndogo, lakini kikombe kilichochimbika mara nyingi humaanisha habu nzima, na hilo mwenye baiskeli aambiwe kabla hujaendelea.

Gololi usizirudishe. Zile za zamani zimekwisha kulika kidogo, na ukizichanganya na mpya, mzigo wote utazikalia zile mpya zilizo kubwa mpaka zipasuke. Katika baiskeli nyingi habu ya mbele huchukua gololi 10 za 3/16 ya inchi kila upande, na habu ya nyuma huchukua 9 za robo inchi kila upande. Thibitisha kwa kikombe chenyewe: zikishakaa zote ibaki nafasi ndogo isiyotosha gololi nyingine. Kuisukumiza ya ziada ili pajae ni kosa, kwani gololi zikibanana husuguana badala ya kuviringika.

Kununua gololi kunahitaji uangalifu kuliko kunavyoonekana. Dukani hukaa kwenye makopo, na makopo huchanganywa na mikono ya watu. Gololi ya robo inchi ina milimita 6.35, na pembeni yake huwapo ya milimita 6 kamili, ambayo kwa jicho huwezi kuitofautisha. Ikiwa huna kifaa cha kupimia, panga gololi 10 kwenye mfereji ulionyooka, kama pembe ya droo, na uweke rula ya shule kando yake. Kumi za robo inchi hufika milimita 63 na nusu, ilhali za milimita 6 huishia 60. Kumi za 3/16 hufika karibu milimita 47 na nusu. Mwenye duka akikasirika kwa kuwa unapima, mwombe radhi kwa adabu na uendelee kupima.

Jambo linalonigusa zaidi ni nati na ekseli. Nilipokuwa mwanafunzi, mzee mmoja wa upande wa Mambrui alileta baiskeli yake ya kubebea madafu, na nati moja ya gurudumu la nyuma ilikuwa imepotea. Nikachukua nati kutoka kwenye mkebe, ikaingia kwa vidole bila taabu, nikaikaza, naye akaenda zake. Kabla ya kufika daraja la Sabaki nati ilifyatuka, gurudumu likaacha fremu, madafu yakatawanyika na mzee akachubuka goti. Alirudi kwa miguu akikokota baiskeli, akaniambia tu, "Mwanangu, hii nati hukuiuliza." Sijalisahau neno hilo.

Sababu yake ni hii. Baiskeli za mtindo wa zamani wa Kiingereza, pamoja na zile za kutoka India zilizofuata mtindo huo, zina ekseli ya nyuma ya 3/8 ya inchi, yaani milimita 9.5, yenye hesi, ile mizunguko ya skrubu, 26 kwa inchi. Nyingi zinazokuja za mitumba zina ekseli ya milimita 10, yenye hesi moja kwa kila milimita. Nafasi baina ya hesi inakaribiana sana, kwa hiyo nati ya milimita 10 huingia kwenye ekseli ya 3/8 na kudanganya kuwa ni yake, kumbe imeshika ncha za hesi tu. Nati inayoingia kwa wepesi na kuyumbayumba kabla ya kukazwa, itoe. Na ile ya 3/8 ikikataa kuingia kwenye ekseli ya milimita 10, usiilazimishe kwa spana, kwani utaua nati na ekseli kwa pamoja. Kupima hesi ni rahisi: chukua ekseli mbili, zilaze ubavu kwa ubavu, hesi ndani ya hesi, uziinue kwenye mwanga. Zikilingana hakuna mwanga utakaopita; zisipolingana utaona nafasi ikifunguka kadiri unavyoelekea mwisho.

Kwa hiyo usiende dukani na maneno matupu. Beba kipande chenyewe, hata kama kimevunjika. Koni mpya isimamishe kando ya ile ya zamani juu ya kioo, ulinganishe urefu, mviringo wa mahali pa gololi, na upana wa sehemu inayofunikwa na kifuniko cha vumbi. Usipoipata Malindi mjini, kabla ya kuagiza Mombasa pitia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa maana habu iliyotupwa kwa kupasuka mbavu zinazoshika spoku huweza kuwa na koni nzima. Mimi nikivunja habu, koni mbili na ekseli yake nazifunga kwa waya mmoja, ili zisitengane.

Kufunga si kugumu. Jaza grisi vikombe vyote, bandika gololi, rudisha ekseli, kaza koni kwa vidole hadi mchezo, yaani kule kuchezacheza kwa ekseli, uishe, halafu ilegeze kidogo, kwa kuwa nati ya kufungia itaisukuma tena. Gurudumu likiwa juu hewani, valvu ikiachwa pembeni inapaswa kulivuta lenyewe polepole mpaka chini. Lisiposhuka, umekaza mno. Kisha shika rimu na uitikise kushoto na kulia. Ukisikia mgongano, umelegeza mno.

Mwambie mwenye baiskeli arudi baada ya wiki moja, kwa kuwa koni mpya hujikalisha na kuacha mchezo kidogo. Kazi hiyo ni ya dakika tano, na usimtoze. Anayefanya kazi kwenye chumvi mwambie arudi tena mwezi ukiisha, apangushiwe grisi ya nje na kuongezwa nyingine kabla maji ya chumvi hayajaingia.