Maswali ya Wasomaji: Radi imeunguza tundu la mtandao, je, kadi mpya inatosha?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, nina kompyuta ya mezani niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika ofisini, yenye kasha jembamba. Usiku mmoja ilinyesha mvua ya radi, na asubuhi yake kompyuta iliwaka kama kawaida lakini intaneti haikupatikana. Taa mbili ndogo zilizo kwenye tundu la waya wa mtandao haziwaki tena. Fundi wa kwanza ameniambia kwamba mazabodi (bao kuu la umeme ndani ya kompyuta) yote imeungua na kwamba sina budi kununua kompyuta nyingine; wa pili anasema kadi ya mtandao inatosha. Nimwamini yupi, na je, kadi hiyo naweza kuifunga kwa mikono yangu? — Mwalimu mstaafu, Jinja

JIBU: Mwalimu, pokea salamu zetu, na pole kwa hasara hiyo. Kwa maelezo uliyotupa, fundi wa pili ndiye aliye karibu na ukweli. Tundu la mtandao katika kompyuta kama yako linahudumiwa na chipu yake yenyewe iliyochomelewa kwenye mazabodi. Radi inapopiga jirani, umeme wake huweza kusafiri katika waya wa mtandao, hasa waya uliopita nje ya nyumba au uliotoka kwenye antena ya juu ya paa. Ndani au nyuma ya tundu kuna koili ndogo zilizokusudiwa kutenganisha waya na chipu, nazo kwa kawaida hustahimili takriban volti 1,500. Radi haina habari na kipimo hicho. Chipu ya mtandao hufa, na mara nyingi sehemu nyingine zote hubaki salama, ndiyo maana kompyuta yako inawaka na kufanya kazi.

Hata hivyo, usitoe shilingi mfukoni kabla ya kujaribu mambo mawili. Kwanza, azima laptopu yenye tundu la mtandao, uichomeke kwenye waya uleule. Ikipata intaneti, waya na ruta ni vizima na ugonjwa uko ndani ya kompyuta yako. Isipopata, hamishia waya kwenye tundu jingine la ruta, kisha jaribu waya mwingine, kwa sababu radi hiyohiyo huenda iliunguza upande wa ruta pia, na kadi mpya haitakusaidia lolote ikiwa inazungumza na tundu lililokufa. Pili, fungua orodha ya vifaa katika Windows uangalie sehemu ya mtandao. Kifaa kikiwa kimeorodheshwa lakini kimezimwa, au kina alama ya mshangao ya manjano, huenda tatizo ni mpangilio au draiva tu, yaani programu inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa hicho. Kikiwa hakionekani kabisa, na taa hazikuwaka hata kwa waya uliothibitishwa kuwa mzima, basi nenda ukanunue kadi.

Hapo kwenye kununua ndipo watu wengi hupotelea, kwa hiyo niruhusu nikae kidogo. Fungua kasha kabla ya kwenda dukani utazame sloti zilizo wazi, yaani nafasi za kuchomekea kadi kwenye mazabodi. Kompyuta za zamani zilikuwa na sloti za PCI. Zilizotengenezwa katika miaka ya karibuni zina PCI Express, na kadi ya aina moja haiingii katika sloti ya aina nyingine hata ukiisukuma namna gani. Sloti ya PCI Express iliyo fupi kabisa, inayoandikwa x1, ina urefu wa takriban sentimita mbili na nusu, na ile ndefu ya x16 inakaribia sentimita tisa. Kadi nyingi za mtandao za nyumbani ni za x1, na jambo ambalo wauzaji wengine hawalisemi ni kwamba kadi ya x1 hukaa vizuri katika sloti ndefu ya x16 na kufanya kazi bila tatizo. Kwa hiyo usikubali kuambiwa kwamba kompyuta yako haina nafasi eti kwa kuwa sloti fupi haipo.

La pili ni kimo. Kasha lako ni jembamba, na kadi huja na kibati cha chuma upande wa nyuma chenye urefu wa sentimita 12 kwa kasha la kawaida, au karibu sentimita 8 kwa kasha jembamba. Kadi nyingine huuzwa na vibati vyote viwili katika boksi moja, nawe unabadilisha kwa kufungua skrubu mbili. Nyingine huja na kile kirefu pekee. Mwombe muuzaji afungue boksi mbele yako. Nimewahi kurudi nyumbani na kadi nzuri kabisa ambayo haikuruhusu kifuniko cha kasha kufungwa kwa sababu ya sentimita nne tu, na siku hiyo nauli ya bodaboda ilikwenda bure mara mbili. Kuhusu kasi, chukua ya megabiti 1,000 kwa sekunde. Hata kama kifurushi chako cha intaneti hakifiki megabiti 20, kadi hiyo hujishusha yenyewe kulingana na ruta.

Kufunga kwenyewe ni kazi ya robo saa, Mwalimu, na ndiyo, unaiweza. Zima kompyuta kabisa, usiilaze usingizi, kisha chomoa waya wa umeme kutoka ukutani. Mazabodi huendelea kupokea volti 5 kidogokidogo hata kompyuta ikiwa imezimwa, na kadi haipaswi kuchomekwa katika hali hiyo. Ukishachomoa, bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Fungua kifuniko, na kama kompyuta ina miaka kadhaa usishangae kukuta vumbi, mende, hata mayai ya mjusi. Safisha kwa brashi laini, wala usipulize kwa mdomo kwa kuwa mate huenda pamoja na pumzi. Gusa sehemu ya kasha yenye chuma kisichopakwa rangi ili kuondoa umeme tuli mwilini. Hewa ya Jinja ina unyevu, na hilo hupunguza umeme tuli, lakini halikuhakikishii usalama ukiwa umesimama juu ya zulia.

Ondoa kibati kinachoziba tundu la nyuma mkabala na sloti uliyoichagua. Katika makasha mengi ya ofisini hakuna skrubu hapo, bali kuna kibano cha plastiki au chuma kinachoinuliwa kwa kidole. Shika kadi kwa kingo zake bila kugusa meno ya rangi ya dhahabu, iweke wima juu ya sloti, kisha uikandamize kwa vidole gumba viwili kwa nguvu iliyo sawa pande zote mpaka meno hayo yazame. Usiiingize kwa kuiyumbisha. Ifunge kwa skrubu au kibano, kwani kadi isiyobanwa huinuka upande mmoja kila waya unapovutwa, ndipo unapopata intaneti inayokuja na kupotea bila sababu inayoeleweka.

Ukiwasha, Windows 10 na 11 huzitambua zenyewe kadi nyingi zenye chipu za Realtek au Intel, na Linux vilevile. Zisipotambua, utajikuta unahitaji intaneti ili upakue draiva ya kukupa intaneti. Tumia simu: iunganishe na kompyuta kwa waya wa USB, kisha washa katika simu mpangilio wa kushiriki intaneti kwa USB. Baada ya hapo ingia katika BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kwa kubonyeza F2, F10 au Delete kulingana na mtengenezaji mara tu kompyuta inapowaka, kabla Windows haijafunguka, ulizime lile tundu la zamani lililoungua.

Na kwa kuwa mvua za Machi hadi Mei hazijasahau njia ya Jinja, ukisikia ngurumo chomoa waya wa umeme na waya wa mtandao pia. Wengi huchomoa wa umeme tu wakiamini kwamba UPS, ile betri ya akiba ya kompyuta, itawalinda, ilhali radi yako, kwa dalili ulizotaja, huenda ilipita katika waya mwingine kabisa.

SWALI: Mimi nilifunga kadi ya Wi-Fi badala ya kadi ya waya. Mawimbi ni hafifu mno ingawa simu yangu, nikiiweka juu ya meza hiyohiyo, inapata vizuri, na Bluetooth iliyoandikwa kwenye boksi haionekani. — Msomaji, Mbarara

JIBU: Ndugu msomaji, hakikisha kwanza kwamba antena zote mbili zimekazwa kwenye skrubu zake nyuma ya kadi, kwa kuwa bila antena kadi hushika mawimbi ya karibu sana tu. Pia tazama kasha liko wapi. Likiwa sakafuni, nyuma yake likielekea ukuta, antena zimefichwa kati ya bati na matofali, ilhali simu yako iko mezani hewani. Ziko antena zenye waya wa karibu mita moja na kitako cha sumaku ambazo unaweza kuziweka juu ya meza. Ikiwa ruta iko chumba kingine, chagua mtandao wa gigahezi 2.4 badala ya 5, kwa sababu huo hupenya kuta vizuri zaidi ingawa kasi yake ni ndogo. Ama Bluetooth, katika kadi nyingi za aina hiyo hupata mawasiliano yake kwa waya mdogo unaotoka kwenye kadi hadi kwenye pini tisa za USB zilizo ndani ya mazabodi. Waya huo huwa katika boksi, na bila shaka bado umo humo.